Jina la Dada Kwenye Jiwe

Coyville, Alabama
6 Februari 1922

Lemuel mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha Estelle mkeo. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Kaburi la Mama nimelipalilia juzi, majani yalikuwa yamenifika magotini. Ng'ombe kazaa dume tena. Mzee Moseley, shemasi wetu, mguu unamsumbua lakini mdomo mzima. Akiimba kanisani madirisha yanatikisika. Barua yako ya Krismasi niliipata mwisho wa Januari. Ina makosa ya herufi, ila sitayataja.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Bwana Haskew, mkuu wa elimu wa wilaya, alikuja kanisani Jumapili. Alisimama pale mbele na kofia kichwani, akatuambia wilaya imeamua kutupa shule. Shule ya kweli, Lem, ya matofali, vyumba vinne. Sisi tuchome matofali na tuinue kuta. Wao watatoa mabati, madirisha na mbao za sakafu, na watamwajiri mwalimu wa pili. Unakumbuka tunavyosoma: kwenye mabenchi ya kanisa, na mvua ikinyesha wote tunasogea upande wa madhabahu kama kondoo. Baridi ya mwaka jana watoto wawili kifua kiliwashinda, tukawazika. Kwa hiyo nilipolisikia neno mabati nilitaka kulia mbele ya watu.

Halafu akaongeza lake. "Na jiwe la msingi tutaliandika jina lako. Haya, Mwalimu Tarrant, hiyo K ni ya nini?"

"Ni K, bwana."

"Mama yako hakukuita K."

"Mama yangu ameshafariki, bwana. Yeye ndiye angekujibu."

Akamgeukia Mzee Moseley. "Wewe mzee, huyu mnamwitaje?"

"Tunamwita Mwalimu, bwana," Moseley akasema. "Akikasirika tunamwita Mwalimu na kofia tunavua."

Watu wakacheka ndani ya ngumi zao. Haskew hakucheka.

Wewe haya unayajua, lakini Estelle hakuzaliwa huku, basi msomee sehemu hii. Mzungu wa Coyville hajawahi kumwita mwanamke mweusi Bi. Fulani. Akilipata jina lako la kwanza atakuita hilo mpaka uzikwe, kama anavyomwita nyumbu wake. Ukizeeka sana labda akuite shangazi, na wala huna undugu naye. Mume wangu alipofariki, kabla hatujahamia hapa, karani wa posta wa kule alilipaza jina langu mbele ya umati kama anaita kuku. Siku ile nikasema basi. Tangu hapo ni K. L. Tarrant, posta, dukani, kila mahali. Wasipolijua jina inabidi waseme Mwalimu Tarrant au wanyamaze. Hata wanafunzi wangu hawalijui. Katika walio hai umebaki wewe.

Njoo kiangazi hiki, Lem. Fundi tunaye mmoja tu aliyetoka kwenye shule hii anayejua kusimamisha ukuta, na fundi huyo yuko Chicago.

Dada yako,
K.


Chicago
19 Machi 1922

Dada yangu mkubwa mwenye kalamu nyekundu,

Salamu zako zimefika, na wewe pokea zetu. Baridi ya huku bado inauma mpaka kwenye meno. Estelle mzima, kapata kazi ya kushona kofia za matajiri. Kanisa letu liko kwenye lililokuwa duka la samaki. Mchungaji akisema Roho ameshuka, kinachoshuka ni harufu. Tunacheka, tunaimba, tunarudi nyumbani.

Habari ya shule imenifurahisha, sitakudanganya. Lakini kuja siwezi. Kazi imenibana. Huku majengo yanaota kama uyoga, na mtu akiondoka nafasi yake inachukuliwa kabla koti halijatoka kwenye msumari. Halafu mji ule, dada, nimeshaukinai. Tuyaache hayo.

Kuhusu jiwe, mwambie aandike K. L. Tarrant aishie hapo. Nakumbuka nikiwa mdogo nilisoma kwenye Biblia neno ambalo halikuwepo, ukanichapa kidole kwa rula, ukasema, "Lemuel, soma kilichoandikwa, usisome unachokitaka." Kidole hicho mpaka leo kikiguswa na baridi kinanikumbusha. Basi nimekisoma kilichoandikwa: Haskew anataka jina lako kuliko anavyotaka hiyo shule.

Mdogo wako,
Lem


Coyville
30 Aprili 1922

Lemuel mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Huku mvua imechelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja. Mzee Moseley anakusalimu, anauliza kama huko Chicago kuna mtu anayejua kupika mkate wa mahindi au mnakula theluji.

Tanuri letu la kwanza limetuaibisha. Wanaume walikanda udongo jioni baada ya kulima, wanawake wakabeba maji, tukapanga, tukawasha. Tulipobomoa, matofali ya nje yalikuwa mabichi kama jibini, ya ndani yameungua yamekuwa makaa. Kazi ya majuma yote yale. Nilikaa juu ya gogo nikayatazama. Moseley akasema, "Lem angejua kwa kunusa moshi tu."

Haskew nimemwambia aandike herufi mbili na jina la marehemu mume wangu. Akasema jiwe ni la wilaya, na wilaya haiandiki mafumbo. Ama jina kamili, ama hakuna jiwe. Na pasipo jiwe wenzake watauliza mabati ni ya nini. Nikamwuliza, je, jina hilo litatanguliwa na Bi.? Lem, alicheka mpaka akajifuta macho. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unanifurahisha." Basi nikasema nitafikiri, nikarudi darasani.

Wanangu wale wa darasani nimewaambia miaka yote kwamba mtu akiwa msafi, mkweli, na kazi yake imenyooka, iko siku jirani yake atamwona. Nawaambia wajitundikie timazi, ile kamba ya fundi yenye uzito, wenyewe kabla ya kuutundikia ukuta. Na bado nawaambia, kila asubuhi. Ila siku hizi nikishasema huwa naomba kimoyomoyo asitokee wa kuniuliza swali.

Hujanieleza unajenga nini huko. Nitajie jengo moja tu, nimwambie Moseley aache kunisumbua.

Dada yako,
K.


Chicago
2 Juni 1922

Dada,

Wazima sisi, na nyinyi tunawaombea. Naandika haraka haraka.

Kuhusu tanuri: mliyakaza mno matofali. Acheni nafasi ya vidole viwili kati yake, moto upite. Juu funikeni kwa udongo mzito. Kuni ziwe za mwaloni uliokauka, na mwanzo moto uwe mdogo, mdogo kabisa, mpaka ule moshi mweupe wa maji uishe. Hapo ndipo mpalilie moto. Na msifungue kabla tanuri halijapoa lenyewe, hata Moseley akiwasumbua vipi.

Majengo ni mengi, nikianza kutaja sitamaliza.

Estelle anakusalimu sana. Anasema anakuonea fahari kwa ajili ya hilo jiwe. Sijui kasikia wapi, labda nilimwambia nikasahau.

Lem


Coyville
9 Julai 1922

Lemuel,

Nakusalimu.

Juzi niliingia kwenye duka la Tolliver kununua mafuta ya taa. Palikuwa na watu kwenye kaunta, wa kwao na wa kwetu. Tolliver akanyanyua kichwa akasema, "Keziah! Leo unataka nini, Keziah?"

Alilisema mara mbili ili alionje. Wa kwao wakacheka. Wa kwetu wakatazama sakafu, na mimi nilisomesha nusu yao. Nikasema nataka mafuta ya taa. Sauti haikutetemeka, hilo naweza kukuambia. Kufika posta, karani naye hilo hilo. Halafu nje njiani mtoto wa Tolliver, ambaye hata meno ya mbele hajamaliza kuota, akaniambia, "Keziah, nipishe." Nikampisha.

Haskew nilimkuta kwenye ngazi za mahakama, amefurahi kama ameniletea zawadi. "Tumelipata jina lako kwa ndugu zako wa Chicago. Anwani tuliipata hapo posta. Jina zuri, la kwenye Biblia! Ulikuwa unaliona haya la nini?" Mchongaji ameshalichonga.

Jina lile nilipewa na Mama. Yeye mwenyewe alikuwa na jina moja tu, alilopewa na mtu aliyemnunua, na langu alilichagua yeye. Alinitamkia taratibu kila nikioga. Sasa liko kwenye mdomo wa Tolliver.

Tanuri la pili limetoka zuri. Ahsante kwa ushauri.

Nakuuliza mara moja, sitarudia. Ni wewe?

K.


Chicago
28 Agosti 1922

Dada yangu,

Salamu naona haya hata kuzitoa. Barua yako nimekaa nayo mfukoni mpaka imelainika kama kitambaa. Nimeanza kukujibu, nikachana, nikaanza tena.

Si mimi. Ni Estelle. Barua ya Haskew ilikuja nikiwa kazini. Iliandikwa kwa adabu zote: wilaya inataka kumtukuza mwalimu wake, tafadhali jina lake kamili. Estelle kazaliwa huku. Huku karani wa Kizungu anamwita Bi. Gaines hata kama roho haitaki. Akaona hii ni heshima kubwa kwa wifi yake, akajibu siku ile ile. Jina alilisikia kwangu zamani, nikimsimulia habari za Mama. Nilipomwonyesha barua yako alikaa chini pale jikoni akalia mpaka maharage yakaungua. Nakuomba usimchukie, dada. Hakujua.

Na angejua, kama ningemsomea barua yako ya Februari ulivyoniagiza. Sikumsomea. Barua ile ilikuwa inaniita nije kujenga, na Estelle angeniuliza, "Kwani dada yako anadhani wewe unajenga?"

Sijengi. Tangu nifike sijashika mwiko. Nilikwenda kwenye chama cha waashi, wakanijaribu. Nikawapandishia ukuta pale pale. Wakaleta pima maji, wakaleta timazi, wakazunguka, mmoja akasema kona kama hii hajaiona tangu ahamie nchi hii. Halafu wakaniambia nafasi zimejaa. Kesho yake wakamwandikisha kijana wa kwao aliyeshuka melini juzi, hata kuchanganya chokaa hajui. Kazi yangu iko machinjioni. Nasukuma damu kwa ufagio iende kwenye mfereji, toka asubuhi mpaka jioni. Nikirudi Estelle ananiwekea maji mlangoni ili nisiingie nayo ndani.

Ulinifundisha kwamba kazi nzuri itawafumbua macho. Waliiona, dada! Macho waliyafumbua kabisa, wakaisifu, wakanifungia mlango. Na si mara ya kwanza. Ile benki ya Coyville, ukuta wa mbele nimeujenga mimi, wewe unaujua, unaupita kila Jumamosi. Siku ya kuifungua wakaniambia nikitaka kuingia nizunguke mlango wa nyuma. Nilikuja kwako nimewaka hasira. Ukanipa maziwa, ukasema, "Subira, Lem, ukuta utasema wenyewe." Miaka sita sasa. Umesema nini? Ndiyo maana niliondoka bila kuaga. Ningeaga, ungenibembeleza nibaki, na mimi ningebaki.

Sasa wewe sema neno moja tu. Nitapanda treni nije na nyundo, nilivunje jiwe hilo mchana kweupe mbele ya Haskew. Yatakayonipata yanipate.

Lem


Coyville
1 Oktoba 1922

Lem, mdogo wangu,

Mwambie Estelle namsalimu kwa mapenzi, na asilie tena. Ameandika jina langu bila kosa hata moja, jambo ambalo wewe hujaliweza na nilikufundisha mwenyewe. Akija huku nitamkumbatia.

Ya machinjioni nilishayahisi. Wewe ukijenga ukuta huwezi kuunyamazia. Ungenijazia kurasa nzima habari za kona tu, na mimi ningelalamika. Barua zako hazikuwa na tofali hata moja. Nilinyamaza kwa sababu niliona unataka ninyamaze.

Umeniuliza ukuta umesema nini. Nimekaa na swali hilo wakati wote wa kuchuma pamba, watoto wakiwa mashambani na kanisa tupu. Nilipoanza kufundisha nilikuwa msichana, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba chuki yao ni ujinga tu, na dawa ya ujinga ni kuona. Watuone wasafi, watuone wakweli, watuone mafundi, watabadilika. Nimekuwa msafi muda mrefu sana, Lem. Nimechoka. Haskew si mjinga, amesoma kunishinda. Kale kaneno kadogo, Bi., anajua vizuri kana uzito gani, na ndiyo sababu hakatoi.

Sijutii kuwafundisha kunyoosha kazi. Najutia sababu niliyowapa. Niliwaambia nyoosheni ili waone. Ningewaambia nyoosheni kwa kuwa watakaokaa humo ndani ni nyinyi na watoto wenu. Ukuta wa benki haukuwa na deni la kusema lolote, nami sikupaswa kukuambia utasema. Siku ile ulihitaji mtu akasirike pamoja nawe, nikakupa maziwa.

Nyundo iache huko huko. Nikilikataa jiwe, mabati yanarudi ghalani na watoto wanaingia baridi nyingine wakisongamana kwenye madhabahu. Mwaka huu wako wawili ambao vifua vyao vinanitisha tayari. Nimeliweka jina langu upande mmoja na paa upande wa pili, na paa limeshinda. Limeniuma. Litaniuma kila nikipita pale, na nitapita pale kila siku ya Mungu.

Lakini kuta zimefika magotini zimekwama. Ule wa mashariki umepinda, hata mimi nauona, na macho yangu siku hizi hayaoni. Haya, nimelisema. Zaburi nazisoma kwa kukumbuka, watoto wanadhani nasoma. Njoo, Lem. Njoo unyooshe ukuta, na jiwe hilo ulilaze kwa mkono wako. Kama jina langu litasimama barabarani bila nguo, angalau lisimame wima.

Dada yako,
K.


Chicago
20 Oktoba 1922

Dada,

Nimekubali. Machinjioni nimewaaga. Wakinipokea tena nikirudi, sawa. Wasiponipokea, ng'ombe hawataisha duniani. Estelle atanifuata nauli ikipatikana. Timazi uliyonipa nilipomaliza darasa bado ninayo, ilikuwa chini ya kitanda imefungwa kwenye soksi. Kamba yake nimebadilisha.

Uliniomba nikutajie jengo moja. Ni hilo lenu.

Mwambie Moseley asiguse ukuta wowote mpaka nifike.

Lem


Coyville
13 Februari 1923

Lemuel mdogo wangu, na Estelle,

Nawasalimu wote wawili. Natumaini treni haikuwachosha sana na machinjio yamekukubali tena. Nyumba imekuwa kimya tangu mwondoke. Estelle kaacha kofia yake juu ya msumari, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Naiacha hapo hapo. Ng'ombe ana mimba, tunaomba jike. Safari hii uliaga, Lem, na nilisimama stesheni mpaka moshi ukaisha. Nashukuru kwa hilo.

Sherehe ilifanyika Jumamosi. Ulisema huwezi kukaa kumwangalia Haskew akilifungua jiwe, na sikukulaumu. Sasa nikueleze.

Watu walijaa mpaka barabarani. Wamama walipika kuku na pai za viazi vitamu. Haskew alikuja na wakubwa wawili wa wilaya. Wake zao hawakushuka kwenye motokaa. Mkubwa mmoja alizunguka nje ya ukuta wa mashariki, akauegemea, akaurudia. "Huu ukuta kajenga nani?" Nikamjibu, "Lemuel Gaines, mwanafunzi wa shule hii." Akasema, "Hmm." Basi, ni hmm tu. Nimekuletea yote niliyopewa.

Haskew akavuta kitambaa kwenye jiwe. Ulililaza vizuri, Lem, nililipapasa kwa kidole ukingo wote. Limeandikwa jina la shule, mwaka, na chini: Keziah L. Tarrant, Mwalimu. Watoto walikuwa wamelitazama tangu ulipolilaza, kwa hiyo jina wameshalijua, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yangu.

Haskew akataka kuwaonyesha wageni kwamba mabati hayakupotea bure. Akasema mtu mzima mmoja asome jiwe. Akamwita Mzee Moseley. Unajua Moseley alijifunza kusoma kwangu akiwa ameshaota mvi, na mpaka leo hasomi bila kidole. Akachechemea mpaka pale, akaweka kidole kwenye jiwe, akasoma jina la shule, akasoma mwaka. Halafu akasoma, "Bi. Keziah L. Tarrant, Mwalimu."

Haskew akatabasamu kidogo. "Mzee, soma kilichoandikwa."

"Ndicho ninachosoma, bwana."

"Hapo hapana Bi."

"Labda ni macho yangu, bwana. Uzee huu."

Haskew akaona basi, akachagua mtu mwenye macho mazima. Akamwita Naomi Pettus, yule binti wa darasa la juu aliyekuwa anakuletea maji ukijenga. Akamwambia, "Wewe soma. Pole pole, neno kwa neno." Naomi akasoma pole pole, neno kwa neno. "Bi. Keziah L. Tarrant. Mwalimu."

Mkubwa mmoja akakificha kicheko chake kwenye kikohozi. Shingo ya Haskew ikawa nyekundu. Akawageukia watoto wote, akawaamuru, "Haya, kwa pamoja!" Nadhani alidhani wengi hawawezi kukubaliana kwa ghafla. Mimi pia nilidhani hivyo. Sikuwaambia kitu, Lem, nakuapia kwa kaburi la Mama. Wala wazazi wao hawakujua, nimeuliza. Wakavuta pumzi kama wanavyovuta kabla ya wimbo, wakasoma jiwe lote toka juu, na walipofika chini walipaza, wamama wenye pai mikononi wakaitikia, Moseley juu yao wote na sauti yake ile. Bi. Keziah L. Tarrant! Wale wanawake kwenye motokaa wakageuza vichwa.

Haskew akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye mwalimu wao. Wasahihishe."

Mabati yalikuwa yameshapigiliwa, hilo nililijua. Lakini mwalimu wa pili alikuwa bado mkononi mwake, hilo nalo nililijua. Leo ameshaniandikia kwamba suala la mwalimu wa pili litaangaliwa mwakani. Nitafundisha vyumba vyote vinne mwenyewe, na nusu yake kwa kukumbuka. Na dukani kwa Tolliver bado mimi ni Keziah, nimetoka huko asubuhi hii. Usije ukadhani kuna kilichobadilika mjini.

Lakini mvua imenyesha tangu jana, Lem, na watoto wamekaa walipokaa. Hakuna aliyesogea.

Kusoma nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kumwacha mtu apite na neno ambalo halipo. Wewe kidole chako kinajua. Jumamosi walinitazama wote, watoto, wazee, Haskew, wakasubiri nifungue mdomo. Nikaliacha neno lipite.

Dada yako,
Keziah